Jenga nadharia yako: nani aliyekuwa kwenye ngalawa ya pili?

Karibuni, jamaa. Nipo gatini hapa Lamu, na mashine za boti nyuma yangu mtazivumilia. Leo tunajenga nadharia juu ya fumbo lililoachwa wazi na Lost, tamthilia ya Marekani ya 2004 hadi 2010 kuhusu watu waliokwama kisiwani baada ya ndege kuanguka. Kama hujaitazama, simamisha video hapa, maana nafichua mengi.

Kwanza, chagua fumbo dogo. Ukianza na "kisiwa kile ni nini hasa?" utakesha bure. Chukua tukio moja la msimu wa tano, 2009. Sawyer, Juliet, Locke na wenzao, wahusika walio kisiwani, wanarushwa huku na huku katika wakati. Wanafika kambini, hamna mtu, wanakuta mitumbwi yenye matengo, yaani ngalawa kwa macho yetu. Wanachukua mmoja. Wakiwa majini, mwingine unawafukuza, risasi zinalia. Juliet anajibu, na mmoja kule anaonekana kupigwa. Ghafla mwanga mkali, wapo wakati mwingine, usiku, mvua na dhoruba. Waliowafukuza hatukuonyeshwa kamwe. Sura hazionekani, na hilo halinishangazi: jaribu wewe kupiga kafi huku unatazama nyuma.

Pili, rudia kipande hicho polepole, uangalie vitu, si watu. Mtumbwini mna chupa ya maji yenye jina la Ajira, shirika la ndege la kubuni. Ndege ya shirika hilo, safari namba 316, ilitua kisiwa cha jirani 2007. Basi tukio haliwezi kuwa kabla ya hapo. Chupa tu, na nusu ya nadharia zimekwisha.

Tatu, orodhesha waliokuwapo baada ya ndege hiyo, wenye silaha, na waliovuka maji. Mimi namweka Ilana, abiria wa ndege hiyo, na kundi lake juu kabisa.

Nne, igeukie nadharia yako kama adui. Wapo wanaosema ni Sawyer wa baadaye akijifyatulia mwenyewe. Sikubali: angekumbuka kufukuzwa, na angeutambua mtumbwi ule. Yangu nayo inapwaya kwenye jeraha, maana katika kundi la Ilana simwoni anayeuguza risasi ya Juliet. Labda ilimkosa, akainama tu. Ukiipeleka barazani, anza na hilo la jeraha wewe mwenyewe, kabla hujaulizwa.