Nywele za Kipilipili na Vipodozi vya Jikoni

Mabibi na mabwana, nitazungumzia zaidi nywele za kipilipili, kwa kuwa ndizo wengi wetu tulizonazo humu ukumbini na ndizo zinazosingiziwa ugumu. Unywele wowote, uwe wa singa au wa kipilipili, umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na kwa nje umefunikwa na magamba membamba yaliyopangana kama vigae vya paa, yote yakielekea nchani. Tofauti huanzia kwenye kinyweleo, yaani kishimo cha ngozini unamoota unywele. Kilichonyooka hutoa unywele wa mviringo unaoteremka wima, ilhali kilichopinda hutoa unywele ulio bapa kiasi, unaojikunja tangu unapochomoza.

Katika kila kona ya mkunjo huo magamba huinuka kwa urahisi na unywele hukatika. Tena mafuta ya asili ya ngozi ya kichwa, ambayo huteremka bila shida kwenye singa, hukwama njiani na kuziacha ncha zikiwa kavu. Kwa hiyo nywele tunazoziita ngumu ndizo zilizo dhaifu zaidi, na mtu anayezichana zikiwa kavu, kwa kitana chenye meno yaliyobanana, hana haki ya kulalamika kwamba hazikui. Zinakua, karibu sentimita moja kwa mwezi, ila zinakatika kwa kasi ileile.

Sasa tuje jikoni. Kinacholainisha unywele ni maji. Kazi kubwa ya mafuta ni kupunguza msuguano na kuyachelewesha maji hayo yasikauke. Mafuta ya nazi, yale ambayo akina mama wa pwani huyapata kwa kuchemsha tui mpaka yajitenge, yana sifa ya ziada. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli zake ni ndogo na zimenyooka, hivyo hupenya ndani ya unywele. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walionyesha kwamba mafuta hayo hupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya alizeti na yale ya madini hayakulifanya. Watafiti hao walikuwa waajiriwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi, na ni vyema tulikumbuke hilo tunapoyasoma matokeo yao. Mimi hushauri yapakwe kabla ya kuosha, si baada tu.

Yai halistahili sifa linazopewa, kwa kuwa protini zake ni kubwa mno kupenya. Hubaki juu, na ukilisuuza kwa maji ya moto litaivia kichwani. Magadi huyainua magamba kwa ukali wake wa alkali, na limau lisilochanganywa na maji huichoma ngozi.

Mshubiri ni mzuri, lakini ute wake ni maji karibu wote, na penye maji bakteria na kuvu huzaliana. Mafuta matupu hukaa miezi kadhaa kabatini. Ute uliokamuliwa nyumbani bila kihifadhi hauwezi. Usingojee ubadilike harufu, kwa maana vijidudu huweza kuwa vingi kabla pua haijatambua. Kamua unaotosha kupaka siku hiyo, na unaobaki umwage.