Tarehe 27 Agosti: ndizi, mlima uliopasuka na dakika 38 za Forodhani

ASHURA: Assalaam aleikum wapenzi wasikilizaji, karibuni tena kwenye Leo ni Siku Gani. Mie Ashura, niko hapa Mkunazini, Unguja, na mwenzangu wa siku zote Makame, Mpemba wa Wete.

MAKAME: Waaleikum salaam, habari zenu jamani. Leo tarehe 27 mwezi wa nane, na karatasi yangu imejaa mpaka nyuma.

ASHURA: Haya anza na ndizi, maana nimeliona neno ndizi hapo juu nikafurahi.

MAKAME: Basi huko Marekani leo ni siku ya wapenda ndizi. Wenzetu wana kalenda zao kila kitu kimepewa siku yake, na leo hio hio wana siku ya kufanya jambo bila sababu, yani ukiamka ukatamani kumpelekea mtu zawadi wewe mpelekee tu usingoje sikukuu, na tena ndo siku ya dunia ya ule mchezo wa jiwe, karatasi, mkasi. Siku moja ina mambo matatu.

ASHURA: Ya bila sababu naitaka hata kesho. Lakini ndizi Makame, siku ya migomba si tunayo sie, tena ya miaka na miaka, ila yetu ipo mwezi wa saba.

MAKAME: Makunduchi.

ASHURA: Mwaka Kogwa! Asojua, basi ni hivi, ule ni mwaka mpya wa jua, Nairuzi, asili yake inatajwa Uajemi, na wanaume wa Makunduchi wanapigana kwa vigogo vya migomba kwelikweli, wa kusini na wa kaskazini, mtu anakupiga na wewe unampiga, ukiwa na kinyongo cha mwaka mzima kinakwisha pale pale. Halafu linachomwa banda la makuti na kina mama wanaimba. Mwaka ule nilokwenda nimesimama karibu, kile kigogo kikimpata mtu mgongoni maji ya mgomba yanaruka mpaka usoni kwako, yale yanayoacha doa lisotoka, kanga yangu mpaka leo inalo.

MAKAME: Na mgeni hafukuzwi siku ile.

ASHURA: Hata. Unaingia nyumba ya mtu usomjua unakula. Kwa hio Wamarekani wana siku ya kuila ndizi, sie tuna siku ya kumalizia ugomvi kwa mgomba. Na kuila tunaila pia, wewe kwenu Pemba mnaipikaje?

MAKAME: Bibi yangu ndizi ya nazi alikuwa hapiki ila mzuzu au mkono wa tembo, iwe mbivu ganda lishaanza weusi. Anaipasua katikati anatoa ule uzi wa ndani, maana kasema ukiuacha unaleta uchachu, anazilaza kwenye sufuria moja moja kama watoto mkekani, sukari, iliki kaitwanga hapo hapo, kisha tui zito. Na hatii mwiko! Anashika sufuria masikio mawili kwa kitambaa anaitikisa tu. Ukitia mwiko ushaziponda, ushapika uji.

ASHURA: Na Ramadhani iko mbali jamani.

MAKAME: Haya tusogee. Jengine la leo, 1859, mtu mmoja Edwin Drake, huko Titusville, Pennsylvania, kachimba kisima kayakuta mafuta, mita 21 hivi tu kwenda chini. Biashara ya mafuta ya Marekani watu wanaihesabu kuanzia kile kisima. Na yale mafuta kwanza hayakuwa ya gari, gari lenyewe liko wapi, yalikuwa ya taa.

ASHURA: Koroboi.

MAKAME: Koroboi na kandili, tuliosomea mtihani tukaamka na masizi puani tunajua. Basi hilo lipite, nataka nije kwenye hili la 1883 maana hili kubwa. Krakatoa. Kisiwa cha mlima wa moto baina ya Java na Sumatra, huko Indonesia. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti ule mlima umepasuka, bahari ikainuka, tsunami, watu zaidi ya 36,000 wamekufa, na wengi sio moto uliowaua, ni maji. Sasa sikiliza. Ule mshindo umesikika mpaka Rodrigues, kile kisiwa kidogo upande wa Mauritius, hii hii Bahari ya Hindi yetu, kama kilomita 4,800 kutoka pale. Sauti imesafiri saa nne ndo ikafika.

ASHURA: Saa nne, sauti tu?

MAKAME: Sauti tu. Na mkuu wa polisi wa pale Rodrigues kaandika kwamba amesikia kama mizinga mikubwa inapigwa mbali huko baharini. Hakujua kama ni mlima. Mtu wa kisiwani akisikia mngurumo baharini anafikiria manowari.

ASHURA: Subhanallah.

MAKAME: Na mwaka uliofuata, 1884, yale mawe mepesi ya volkano, lile jiwe la matundu matundu tunalosugulia miguu, ndo lile lile, yameelea bahari nzima mpaka yakaja kuokotwa pwani hizi za kwetu, hapa hapa Unguja. Mimi hilo limenikaa sana. Mtu anatembea ufukweni anaokota jiwe linaelea, hajui limetoka kwenye msiba wa watu gani.

ASHURA: Na mwaka huo wa 1883 unajua hapa Mjini kulikuwa na nini? Seyyid Barghash, Sultan wa wakati ule, ndo anajenga Beit al-Ajaib. Ile iliyokuja kuwa na taa za umeme na lifti watu wakaiita nyumba ya maajabu. Sasa Makame naona unaelekea kule, niachie hapa niseme mie, maana hili la leo lina miaka linaniuma.

MAKAME: Nakuachia, sema.

ASHURA: Basi ni miaka 13 baada ya Krakatoa, tarehe ile ile, 27 Agosti 1896, na safari hii mngurumo wa baharini ulikuwa mizinga kweli, na ilikuwa inatupiga sisi. Kila orodha ya mambo ya ajabu duniani utaikuta, vita vifupi kuliko vyote katika historia, Uingereza na Zanzibar, dakika 38. Wengine wanaandika 45 lakini 38 ndo imeshika. Na imewekwa pamoja na ndizi na mkasi, kitu cha kuchekea. Mie wasikilizaji wananijua natembeza wageni Mji Mkongwe, miaka yote nikifika pale mbele ya Beit al-Ajaib nasema thelathini na nane, na kila nikisema watu wanacheka. Kila mara. Na mie nilikuwa nacheka nao, ndo kazi. Mpaka siku moja kuna mama wa makamo hakucheka, kaniuliza, wamekufa wangapi? Nikamjibu, watu kama 500 wamekufa na kujeruhiwa upande wetu, na upande wa Waingereza kaumia baharia mmoja. Wale waliokuwa wanacheka wakanyamaza. Tangu siku ile mie naanza na 500, dakika zinakuja mwisho.

MAKAME: Wasimulie ilivyokuwa, maana kuna watu hapa hapa hawaijui.

ASHURA: Hawaijui kabisa. Sultan Hamad bin Thuwaini kafa ghafla tarehe 25. Mtoto wa ami yake, Khalid bin Barghash, kaingia jumba la kifalme kakaa yeye. Sasa toka 1890 tulishawekwa chini ya ulinzi wa Muingereza, na walishaandikiana kwamba Sultan mpya hakai mpaka konseli wa Kiingereza aridhie, na mtu wanomtaka wao ni Hamoud bin Mohammed. Konseli Basil Cave kampa muda Khalid, mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 bendera iteremshwe. Khalid kajibu kwamba bendera hateremshi, na kwamba haamini kama mtatupiga.

MAKAME: Haamini. Hilo neno.

ASHURA: Haamini, na manowari tano ziko mbele yake, ya Admirali Rawson ile St George na wenziwe. Saa tatu na dakika mbili wameanza. Lile jumba la Beit al-Hukm sehemu kubwa ni mbao, sasa mbao na kombora vinakaaje pamoja? Na ndani hawakuwa askari watupu, kulikuwa na watumishi, na watumwa, watu wasokuwa na lao kwenye ugomvi wa nani awe Sultan. Bandarini ilikuwepo meli ya Sultan inaitwa Glasgow, imerusha risasi zake, imezamishwa pale pale, na milingoti yake imebaki inachungulia juu ya maji miaka, mpaka 1912 ndo imeondolewa. Fikiria mtu anashuka na jahazi lake, kila siku anaiona.

MAKAME: Na Khalid?

ASHURA: Kakimbilia ubalozi wa Mjerumani. Waingereza wamemuekea watu nje, akitia mguu tu barabarani wanamkamata. Kakaa zaidi ya mwezi, mpaka tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa sana, mashua ya meli ya Kijerumani ikasogea mpaka mlango wa bustani ya ubalozi, akapanda bila kukanyaga ardhi ya Unguja, kapelekwa Dar es Salaam. Waingereza wamekuja kumpata huko wakati wa vita vya kwanza, 1916, wakampeleka Shelisheli na Saint Helena, na mwisho kafia Mombasa 1927.

MAKAME: Mimi linalonichoma ni lile la fidia.

ASHURA: Eh! Waliomuunga mkono wamelipishwa rupia 300,000, ndani yake mna gharama ya makombora waliyopigwa nayo. Umepigwa, nyumba imeanguka, jamaa zako umewazika, kisha unaletewa hesabu ya makombora. Wallahi kila nikilisoma nalisoma mara mbili.

MAKAME: Sasa nami nikwambie kitu Ashura, sikukwambia mapema. Leo asubuhi nimekwenda Forodhani, pale ukingoni mwa bahari.

ASHURA: Kufanya nini?

MAKAME: Kukaa. Saa tatu na dakika mbili nimewasha saa ya simu, nimeiweka juu ya ukuta, nikasema siondoki mpaka 38 ziishe. Nilidhani itakuwa kidogo tu, si vita vifupi duniani. Yakhe, ni ndefu! Mzee wa kahawa kapita na dele lake anagonganisha vikombe, nimekunywa kikombe, nimekula kashata, nimeongeza kikombe, natazama simu, dakika tisa.

ASHURA: Tisa!

MAKAME: Tisa. Vijana wanapiga mbizi pale ukutani, mmoja kaptula nyekundu, anaruka, anapotea, anatokea kule, anapanda ngazi, anaruka tena, nimemuhesabu mara kumi na nne na bado. Boti ya Dar imefunga mizigo, imepiga honi, imeondoka, mpaka imekuwa kidogo kule Chapwani, natazama, dakika ishirini na mbili. Sasa hapo ndo nikaanza kufikiria kila dakika kombora. Wewe uko ndani ya nyumba ya mbao na hujui kama ni 38, maana sisi ndo tunajua zinaisha lini, wao hawakujua. Labda wamedhani siku nzima.

ASHURA: Hilo sikuwahi kulifikiria. Miaka yote hio.

MAKAME: Na pale nilipokaa nimeielekea Beit al-Ajaib. Ile ilipigwa haikuanguka, mizinga yote ile, imekuja kuporomoka upande wenyewe Disemba 2020, na watu wawili wamekufa.

ASHURA: Siku ile mie nilikuwa mtaa wa nyuma, vumbi limekuja mpaka kwenye nguo za kamba. Usinikumbushe. Haya, saa yako imelia?

MAKAME: Imelia saa nne kasoro dakika ishirini. Yule kijana wa kaptula nyekundu kanifata, kichwa kakilaza upande anatoa maji sikioni, kaniuliza ami unamsubiri nani? Maana kaniona muda wote sisogei. Nikamwambia, kaa nikuhadithie. Kakaa. Kasomea hapa hapa Mjini, kazaliwa Malindi, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia.

ASHURA: Kasemaje?

MAKAME: Kauliza, meli zilisimama wapi hasa? Nikamuonesha kwa kidole, kuanzia kule bandarini mpaka huku. Katazama sana yale maji anayorukia. Kisha kaniuliza ile Glasgow, imezama upande gani.

ASHURA: Mwakani tarehe 27 mie nakuja na wewe, na kahawa nalipa mie. Wasikilizaji mlio Mjini nanyi mjue, saa tatu na dakika mbili, pale ukutani. Na kama una bibi au babu aliyehadithiwa na wazee wake habari za siku ile tutumie sauti yake, hata dakika mbili, hata kama anasahau sahau.

MAKAME: Kesho 28, tunakwenda Washington ya 1963 na Martin Luther King.

ASHURA: Inshallah. Na ndizi za nazi je, utaleta lini?

MAKAME: Bila sababu, si ndo siku yake leo? Sufuria iko nyumbani, mzuzu nimenunua Darajani nikitoka Forodhani. Njoo ule.