Ufunguo wa Barua Pepe ya Shule Anao Nani?

Mhadhara uliotolewa Jinja, Uganda, mbele ya walimu wa Kiswahili, wakuu wa shule na makarani

Mheshimiwa mwenyekiti, wakuu wa shule, walimu wenzangu, makarani na watunza fedha, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie barua pepe na zana za ofisi zinazotumika mtandaoni, kazini na darasani. Naomba nianze na swali, na kila mmoja ajijibu kimoyomoyo. UNEB, baraza letu la taifa la mitihani, wakiituma barua kwa shule yenu asubuhi hii, itaingia katika anwani ipi? Na nywila ya anwani hiyo anaijua nani?

Naona wengine mmeshaanza kumtazama karani.

Katika shule nyingi anwani ya shule ni anwani ya mtu. Ni ya mwalimu mkuu aliyetangulia, au ya mtunza fedha, au ya kijana aliyekuwa akifundisha kompyuta huku akisubiri ajira. Siku moja fomu ilidai barua pepe, na yeye ndiye aliyekuwa nayo. Basi. Mtu huyo akihamishiwa Moroto au Kisoro anaondoka na barua za Wizara, orodha za watahiniwa, taarifa za benki na makubaliano na wafanyabiashara wanaoleta unga wa posho na maharage. Hajaiba kitu. Ameondoka na simu yake tu, na kumbukumbu za shule zimo ndani.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, ila tumeliacha mfukoni mwa mtu mmoja.

Tuangalie tulifikaje hapa. Mwaka 1971 Mmarekani Ray Tomlinson alituma ujumbe kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa mtandao, akatumia ile alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine. Kwa miaka mingi baada ya hapo, barua pepe ilisomwa kwa programu iliyowekwa kwenye kompyuta yako, na mara nyingi barua zilibaki humo humo. Mwaka 1996 ikaja Hotmail: unafungua kivinjari, ile programu ya kusomea tovuti, popote ulipo, unaandika jina na nywila, unasoma. Gmail ilifuata mwaka 2004 ikitoa gigabaiti 1 bure, na wakati ule watu walidhani ni mzaha kwa sababu ilitangazwa tarehe 1 Aprili. Mwaka 2006 Google wakainunua Writely, programu ya kuandika nyaraka ndani ya kivinjari, na kutokana nayo tukapata Google Docs. Microsoft nao wakaiweka Word na Excel mtandaoni.

Badiliko lenyewe ni hili. Zamani aliyekuwa na chumba cha ofisi ndiye aliyekuwa na mafaili, na kabati la chuma halihami na mtu. Sasa mwenye nywila ndiye mwenye mafaili. Umiliki umetoka kwenye chumba ukaingia kwenye akaunti, nasi tunaendelea kukabidhiana funguo za milango siku ya uhamisho bila kukabidhiana akaunti.

Nitumie muda kidogo kwa vijana wetu, maana hapa ndipo panaponiuma zaidi.

Kijana anamaliza Sinia Sita, mwaka wa mwisho wa sekondari. Anataka kuomba nafasi chuo kikuu, Makerere au Kyambogo, au mkopo wa serikali wa masomo ya juu. Maombi yanafanyika mtandaoni na fomu inadai barua pepe. Anakwenda kafe mjini. Mhudumu anamfungulia akaunti, nywila anaichagua mhudumu, namba ya simu ya kurejeshea akaunti anaweka ya mhudumu, fomu inajazwa, karatasi inachapwa. Kijana analipa na kurudi nyumbani na karatasi yake. Jibu linapokuja, linafika katika kikasha ambacho hajawahi kukifungua hata mara moja. Mwenye kafe naye wala si mtu mbaya, alisaidia kwa alichokijua. Lakini mtoto huyu tumekaa naye darasani miaka 13, kuanzia P1, darasa la kwanza la msingi, na hatukumpa nusu saa ya kumfundisha kufungua anwani yake kwa mkono wake. Ninawasihi, ifanyeni kazi hiyo katika Sinia Tatu, kabla ya pilikapilika za mitihani. Jina lake kamili, bila vikorombwezo vya ujana, kwa sababu siku moja anwani hiyo itaandikwa juu ya barua ya kuomba kazi.

Na mwambieni ukweli huu: akaunti hufa. Google walitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo. Kijana aliyeifungua kwa ajili ya fomu moja akaisahau, anaweza kurudi akakuta hakuna kitu.

Kuna pia jambo ambalo watu wazima wengi hapa hawajaambiwa. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na nafasi hiyo ni ya barua, mafaili na picha kwa pamoja. Simu yako ikipandisha picha na video za harusi zenyewe, zinakula nafasi ile ile. Ikijaa, huwezi kutuma barua wala kupokea, na anayekuandikia anarudishiwa barua yake. Unakaa ukilalamika kwamba Tume ya Utumishi imekunyima usaili, kumbe mwaliko uligonga mlango ukakuta chumba kimejaa picha. Leo hii, fungua mipangilio ya akaunti utazame nafasi iliyobaki.

Sasa shule ifanye nini? Hatua ya kwanza haina gharama. Fungueni anwani yenye jina la cheo, ya mwalimu mkuu, ya mtunza fedha, ya taaluma, na anwani hizo ndizo ziandikwe kwenye fomu zote za serikali na benki. Nywila ijulikane na watu wawili wanaoaminiana, na mmoja akihama, ibadilishwe siku hiyo hiyo mbele ya aliyebaki. Iwekeni kwenye hati ya makabidhiano, pamoja na muhuri na vitabu vya hesabu.

Hatua ya pili ni bora, na ndiyo ninayoipigania. Shule za Uganda zinaweza kusajili jina lao la intaneti linaloishia na .sc.ug, kama vyuo vinavyotumia .ac.ug na serikali inavyotumia .go.ug. Jina hilo hulipiwa ada ya mwaka. Ukishakuwa nalo, Google wana huduma ya bure kwa shule zinazotambulika, na Microsoft pia wanayo. Hapo shule ndiyo inayotoa akaunti kwa mwalimu na ndiyo inayoifunga akihama. Kuna na hifadhi ya pamoja, ambamo faili ni mali ya shule hata kama aliyeliandika ameshaondoka. Kwenye akaunti ya binafsi sivyo: faili ni la aliyeliunda, na akaunti yake ikifutwa, faili linakwenda nayo hata kama walimu 20 walikuwa wakilitumia. Msidanganyike lakini kwamba bure haina mwisho. Google walikuwa wakizipa shule na vyuo nafasi isiyo na kikomo, kisha wakaweka kikomo cha terabaiti 100, yaani gigabaiti kama laki moja, kwa taasisi nzima. Kwa sekondari zetu ni nyingi mno, ila vyuo vikubwa vililazimika kufagia mafaili yao.

Kuhusu adabu ya kuandika sitakaa sana. Jaza sehemu ya mada. Usitume barua tupu yenye kiambatisho kinachoitwa "Document1". Lipe faili jina la shule, jambo na mwaka. Na ukiwaandikia wazazi 60, anwani zao ziweke kwenye sehemu ya nakala fiche (Bcc) ili mmoja asizione za wenzake.

Hilo la wazazi linagusa sheria. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha. Kwa kanuni ya kawaida, taarifa za mtoto hukusanywa kwa ridhaa ya mzazi au mlezi wake. Nimeona orodha za wanafunzi zenye majina, tarehe za kuzaliwa, namba za simu za wazazi, hata hali ya afya, zikiwa kwenye jedwali lililofunguliwa kwa "yeyote mwenye kiungo". Kiungo hicho kikiingia kwenye kundi la WhatsApp, kimekwisha kuwa cha nchi nzima. Ukishiriki faili, andika anwani za watu unaotaka walione, na umwambie kila mmoja atasoma tu, atatoa maoni, au atahariri. Inachukua dakika moja zaidi. Ni dakika ya kumlinda mtoto wa mtu.

Walimu wa Kiswahili, hapa nawageukia ninyi. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima. Walimu hawajatosha. Wengi wenu mko peke yenu shuleni, hakuna wa kumuuliza kama swali la ngeli ulilolitunga limekaa sawa. Kila mmoja anaandika azimio la kazi lake peke yake, analitia kwenye flashi, anakwenda kulichapisha, flashi inaingia virusi, muhula unaanza upya.

Waraka mmoja wa pamoja unaondoa upweke huo. Mwalimu wa Arua anaanzisha azimio la Sinia Moja. Wa Busia anaongeza mazoezi ya viambishi. Wa Mbarara anaingia kwa hali ya mapendekezo, na mabadiliko yake yanaonekana kwa rangi bila kufuta alichoandika mwenzake, mpaka mwenye waraka ayakubali au ayakatae. Kuna historia ya matoleo inayoonyesha nani aliandika nini na lini, na ukiharibu unarudi nyuma. Kwa mtaala mpya wa sekondari ya chini, ambao unadai kazi za mradi na tathmini endelevu, historia hiyo ni hazina: wanafunzi watano wakiandika insha ya pamoja, unaona kabisa kwamba wawili ndio waliofanya kazi. Na badala ya kurudisha daftari lenye wino mwekundu, unaweka maoni pembeni ya sentensi, mwanafunzi anajibu, mnaendelea kuzungumza juu ya aya ile ile.

Msishtuke mkiona maneno yote ya Kiswahili yamepigiwa mstari mwekundu. Programu imewekwa kwa Kiingereza na inadhani mmekosea. Badilisheni lugha ya waraka, au zimeni ukaguzi huo. Gmail yenyewe ina Kiswahili katika orodha ya lugha zake. Iwekeni, tuzoee kufanya kazi kwa lugha tunayoifundisha.

Najua swali linalokuja: data. Halikwepeki. Nchi yetu haina pwani. Mpaka nyaya za intaneti za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, tulitegemea sana setilaiti, kwa bei ya setilaiti. Nyaya zilishusha gharama, kisha mwaka 2018 ikaja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, na Julai 2021 ikabadilishwa kuwa kodi ya asilimia 12 juu ya data yenyewe. Nasema wazi kwamba kodi inayomkuta mwanafunzi akipakua notsi ni kodi juu ya elimu. Shule zilipofungwa Machi 2020 hadi Januari 2022, wanafunzi wapatao milioni 15 walibaki nyumbani. Wachache waliokuwa na intaneti waliendelea, waliobaki walisubiri redio na karatasi. Mimi siwezi kusimama hapa niwaambie kwamba zana hizi zitamfikia kila mtoto. Kwa sasa zitamfikia mwalimu, na kupitia kwake darasa, ubaoni na kwenye karatasi.

Lakini matumizi yanaweza kupunguzwa. Picha moja ya ukurasa iliyopigwa kwa simu inaweza kufika megabaiti 4. Maneno yale yale yakiandikwa ni sehemu ndogo mno ya megabaiti moja. Chapeni, msipige picha. Mkituma kiambatisho cha megabaiti 5 kwa walimu 40, watu 40 wanalipia megabaiti 5 kila mmoja. Na mkirekebisha kosa moja, wanalipia tena. Waraka wa maandishi tu ukikaa mahali pamoja, mnarekebisha mara moja.

Na intaneti hukatika. Januari 2021 ilizimwa nchi nzima siku kadhaa wakati wa uchaguzi, achilia mbali umeme na mvua za kila siku. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi karani apakue nakala za mafaili muhimu aziweke kwenye kompyuta ya ofisi, na karatasi za mitihani zisibaki mtandaoni peke yake.

Hatuna muda mwingi, kwa hiyo kabla ya chai tufanye mambo mawili. Kwanza, uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nywila akaunti inadai uthibitisho wa pili, kama msimbo unaotumwa kwa simu. Msitegemee ujumbe wa simu pekee, kwani laini ikipotea au ikikaa bila kutumika, namba inaweza kupewa mtu mwingine. Google hutoa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja unatumika mara moja. Tutaichapa kwenye karatasi, na ya shule itafungiwa kwenye sefu ya mtunza fedha. Pili, kazi bila mtandao. Wenye laptopu, fungueni Chrome, mwende kwenye mipangilio ya Gmail, mchague siku 30 za barua zihifadhiwe kwenye mashine, kisha mfanye hivyo hivyo kwenye Docs. Lazima muiwashe sasa hivi mkiwa na mtandao wa ukumbi huu, maana ukishakatika haiwashwi. Fanyeni hivyo kwenye mashine yenu tu, si ya kafe. Makarani, njooni mbele kwanza.