Usiku Anaamka Nani?

Assalamu alaikum, na kwenu nyote habari za jioni.

Mmeniomba nizungumzie malezi ya mzee aliyefikia hali ya kuhitaji mtu muda wote. Mimi ni muuguzi, nazunguka majumbani hapa Unguja, na vikao vya familia nimevikalia vingi. Karibu vyote huanza na nyumba: bibi akae kwa nani? Aliyeko Muscat anasema atatuma pesa, wa London ataongeza, kaka mkubwa anafunga kwa dua. Kazi imemwangukia mkaza mwana, na yeye muda wote huo yuko jikoni anatia chai. Mwiteni kwanza naye aketi.

Kisha tazameni mzee anaweza nini. Mwaka 1963 daktari Mmarekani, Sidney Katz, na wenzake walichapisha kipimo kinachotumika hadi leo. Kina mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Kwa kila moja semeni kweli: anafanya mwenyewe, anasaidiwa, au anafanyiwa? Aliyekwama kwenye kuoga tu anataka mtu asubuhi, basi. Asiyeweza kujigeuza kitandani ni habari nyingine. Huyo hugeuzwa ubavu takriban kila saa mbili, la sivyo ngozi ya makalio na visigino huanza kufa, vidonda vikaingia. Tangu isha hadi alfajiri ni mara nne au tano. Nani ataamka hivyo, asubuhi aende kazini, arudi apike, na usiku aanze tena, mwezi baada ya mwezi? Familia isiyo na jibu la swali hili haijachagua kitu, hata kama chumba kimeshapakwa rangi.

Lipo na la stara, ambalo vikaoni watu hulionea haya. Baba hataki kuogeshwa na mkaza mwana, naye mkaza mwana hataki ila hatasema. Mama ataona bora akae na uchafu kuliko kuvuliwa nguo na mwanawe wa kiume. Muulizeni mzee mwenyewe, faraghani, anamtaka nani. Hata mwenye ugonjwa wa kusahau atakujibuni, pengine kwa kuusukuma mkono asioutaka.

Wengi mtaajiri mtumishi. Vyema, lakini msimchukue binti aliyeitwa kuosha vyombo mkamkabidhi mzee aliyepooza kwa mshahara uleule. Kabla mgonjwa hajatoka hospitali, waombeni wauguzi wa wodi wamfundishe: namna ya kumnyanyua asiumie mgongo, na kumlisha aliyepata kiharusi akiwa ameketi wima ili chakula kisimpalie. Na siku yake ya mapumziko iwe na mtu wa kumpokea.

Kumzungusha mzee kwa watoto, miezi miwili huku, miwili kule? Mwenye akili zake timamu huenda akachangamka. Kwa mwenye kusahau silipendi kabisa. Akianza kuizoea njia ya choo, anahamishwa.

Pesa sitazikalia sana. Pencheni Jamii ya Zanzibar, kwa waliotimiza miaka 70, ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kisha ikapandishwa hadi 50,000. Hailipi mshahara wa mtu. Ila ni haki ya mzee, isimezwe na bili ya umeme. Inunulieni pampasi za wakubwa, au mpeni mwenyewe aamue.

Najua mtaniuliza kuhusu Sebleni. Nyumba za serikali, ya Sebleni hapa na ya Limbani kule Pemba, ni za wazee wasio na wa kuwatunza, si za bibi mwenye watoto watano wasiosikilizana. Lakini nanyi acheni kumsimanga aliyetafuta msaada nje, mkasema kamtupa mzazi. Wazee waliotupwa nimewakuta ndani ya nyumba za watoto wao: chumba cha uani, mlango umerudishiwa, sahani ya mchana haijaguswa.

Basi mkikutana tena, andikeni zamu za usiku kwa majina. Na nyinyi wa Muscat na London, mkija likizo msije kutembea tu. Shikeni zamu mwezi mzima, huyo anayeamka kila usiku alale.

Karibuni maswali.