Utafiti wa Pamoja, Mfuko wa Mmoja

Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa. Asanteni.

Kadi ya mwaliko inasema nitazungumzia fursa za ufadhili wa utafiti shirikishi katika afya ya akili ya watoto na vijana. Nimekipokea kichwa hicho kwa heshima zote, ila wanaonifahamu humu wameshaanza kucheka kwa sababu wanajua nitasema nini. Nitasema habari ya asilimia nane, ile ya kuendeshea taasisi zetu kwenye ruzuku za utafiti. Waliokwisha kuisikia wanivumilie.

Sitawarudisha darasani. Mnajua kwamba nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla mtu hajatimiza miaka 14. Mnaujua ule utafiti wa kitaifa wa Kenya, uliokuta asilimia 44.3 ya vijana wa miaka 10 hadi 17 walikuwa na tatizo la afya ya akili ndani ya miezi 12, na asilimia 12.2 wakafikia kiwango cha kuitwa wagonjwa. Takwimu hizo kila mtu anazinukuu kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko lake la kuomba ruzuku. Mimi nataka tufungue ukurasa wa bajeti, ambao hamuupendi.

Nianze na mfano mzuri, nisije nikaitwa mzee wa malalamiko. Kuna utafiti uliofanyika Moshi hapa Tanzania na Bungoma kule Kenya, matokeo yakachapishwa 2020. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, kila mmoja amefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Walioshirikiana ni vyuo vikuu vya Washington na Duke vya Marekani, asasi moja ya Moshi na moja ya Bungoma. Watoto walipewa tiba ya kisaikolojia ya kiwewe na msiba: vikao 12 vya kikundi, vichache vya mtoto peke yake, na walezi nao wakawa na vikao vyao. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari wa akili. Walikuwa watu wa kawaida, wakafundishwa, wakasimamiwa kwa karibu.

Sasa sikilizeni. Tiba ni ile ile, mafunzo ni yale yale. Mwaka mmoja baadaye, watoto wa Bungoma waliopata tiba bado walikuwa na nafuu kuliko wenzao ambao hawakuipata. Upande wa Moshi tofauti hiyo haikuonekana tena. Tumezoea kusema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Hapa mapishi yalikuwa mamoja, sufuria ndizo zilizotofautiana.

Ungefanya utafiti huo Bungoma tu, ungeandika kwamba tiba inadumu. Ungeufanya Moshi tu, ungeandika kwamba inafifia. Waziri wa huku angeitupa, wa kule angeisambaza nchi nzima, na kila mmoja angekuwa na karatasi ya kisayansi mkononi. Ndiyo maana nikiambiwa utafiti wa pamoja ni anasa ya wafadhili, nakasirika. Bila pande mbili usingejua hata kwamba kuna la kuuliza. Kwa nini Moshi iwe tofauti? Ni msaada ambao watoto wale wasiopewa tiba waliupata shuleni, kanisani, kwa bibi? Swali hilo ni letu, na wa kulijibu ni mtu anayeishi Kilimanjaro. Mwambieni sasa aandike bajeti.

Hapo ndipo nane yangu inapoingia. Kwa vijana ambao hamjawahi kuandika bajeti: ruzuku ina fungu la kazi yenyewe, yaani mishahara, nauli, madodoso. Juu ya fungu hilo kuna asilimia ya kuiendesha taasisi, yaani mhasibu, umeme, mlinzi, seva, sekretarieti ya kamati ya maadili. Hiyo ndiyo tunaiita ovahedi. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, ndizo mfadhili mkubwa kuliko wote wa utafiti wa tiba duniani. Kwa miaka mingi, taasisi iliyo nje ya Marekani ilikuwa ikipewa asilimia 8 na hapo mjadala umeisha. Chuo cha kwao hujadiliana na serikali yake, na vingi hupata zaidi ya 50. Vipo vinavyopita 60. Tena kwa miaka hiyo chuo kinachoongoza kilikuwa kikidai ovahedi yake hata juu ya dola 25,000 za kwanza za mkataba mdogo, yaani sehemu ya ruzuku tunayopewa sisi. Yaani fedha imeandikwa jina letu, lakini kabla haijapanda ndege mwenyeji ameshalipwa juu yake kwa kiwango chake.

Mtaniambia hayo ni mambo ya wahasibu, mtoto anaingia wapi? Haya, twende kwa mtoto.

Mtoto wa miaka 11 amekaa na msaili. Dodoso linafika kwenye swali la kama amewahi kufikiria kujiua. Akijibu ndiyo, msaili haendi kwenye swali linalofuata kana kwamba ameambiwa idadi ya ndugu. Anaweka kalamu chini. Anampigia msimamizi, kwa hiyo simu iwe na salio na msimamizi asiwe ndani ya daladala. Mlezi anaitwa. Siku hiyo hiyo mtoto anafikishwa kwa mtu mwenye ujuzi, kwa hiyo gari liwepo na liwe na mafuta, na hospitali ya wilaya iwe imekubali mapema kumpokea. Hospitalini nako kuna daktari mmoja aliyechoka, atakayekuuliza kwa haki kabisa mbona mnamletea wagonjwa bila kumletea chochote. Chumba chenyewe cha mahojiano kinatakiwa kiwe na mlango unaofungika, na kioo ili mtoto aonekane lakini asisikike. Nendeni shule zetu mkanitafutie chumba hicho. Mtakipata stoo ya majembe, na kioo hakina.

Na swali la pili yake ni kama amewahi kujaribu. Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu. Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kama hicho Januari 2025. Kwa hiyo dodoso moja, utafiti mmoja, ila msaili wa upande huu wa mpaka wa Namanga anatakiwa afundishwe ulinzi wa siri kwa namna ambayo mwenzake wa upande wa pili sasa haihitaji tena. Mafunzo hayo ni fedha.

Yote niliyoyataja yako kwenye kibali cha maadili tulichokisaini. Kwenye bajeti je? Mhakiki mmoja, wa mfadhili nisiyemtaja, aliniandikia kwamba gari la dharura ni gharama ya uendeshaji, liingie kwenye ile nane. Nikamjibu kwamba nane imeshaliwa na umeme wa LUKU. Hakucheka. Gari likafutwa, na tukawa tunawapeleka watoto kwa bodaboda ya kuchangishana, mlezi nyuma, mtoto katikati.

Najua pale nyuma kuna anayesema kimoyomoyo: mkipewa hamsini mtazila. Wapo waliokula, sibishi. Lakini anayezuia fedha isiliwe ni mhasibu mzuri, mkaguzi wa ndani na ofisi ya manunuzi inayofanya kazi. Hao wanalipwa kutoka fungu gani? Fungu hilo hilo. Ukatae kumlipa mkaguzi, kisha uje ulalamike kwamba hakuna ukaguzi?

Sasa kichekesho. Februari 2025 NIH ilitangaza kwamba hata vyuo vya Marekani vitapewa asilimia 15 tu. Vyuo vikapiga kelele dunia nzima ikasikia. Wakasema maabara zitafungwa, majaribio ya tiba yatasimama, wagonjwa wataumia. Wakaenda mahakamani na mahakama ikazuia. Nilisoma hoja zao zote, na nawaambieni ni hoja nzuri mno. Ni zile zile tulizokuwa tunaziandika sisi kuhusu nane. Kumi na tano kwao ni kifo, nane kwetu ni kujengewa uwezo!

Halafu 1 Mei mwaka huo huo, NIH ikatangaza kwamba haitatoa wala kuhuisha ruzuku yenye mikataba midogo ya nje ya nchi mpaka ije na utaratibu mpya. Hapo ndipo ilipoonekana nani ni mshirika na nani ni kiambatisho. Ukiwa mshirika unaitwa mezani. Sisi tulisoma kwenye mtandao. Wala si Marekani tu. Uingereza iliposhusha misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5 mwaka 2021, miradi ya utafiti iliyokwisha kuanza ilikatwa bajeti katikati ya safari, na sasa wametangaza watafika 0.3 mwaka 2027. Sidai watulipie milele. Nasema mtoto aliyeanza vikao vya kuzungumzia kifo cha mama yake huwezi kumwambia katika kikao cha tano kwamba bajeti ya nchi fulani imebadilika.

Basi tuiombe serikali yetu? Naam, na hapa sina upole. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana Khartoum mwaka 2006 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Wakenya walikwenda mbele zaidi, wakaandika kwenye sheria ya 2013 kwamba mfuko wao wa utafiti upate asilimia 2. Haijawahi kufika. Na duniani kwa jumla serikali hutenga wastani wa asilimia 2 hivi ya bajeti ya afya kwa afya ya akili. Zidisha kidogo kwa kidogo uone unapata nini.

Ninachotaka ni kidogo. COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa Kenya na baraza la sayansi la Uganda wamekaa meza moja kupitia mpango wa mabaraza ya sayansi ya Afrika ulioanza 2015. Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki ipo Bujumbura. Waweke fungu la pamoja, hata dogo, kwa ajili ya watoto na vijana, na mtafiti mkuu awe wa huku. Sisemi tuunde chombo kipya. Tukiunda chombo kipya tutamaliza miaka miwili tunachagua nembo.

Mwenyekiti ameshika kengele. Nilikuwa na habari ya muda wa ruzuku, kwamba miaka mitano haitoshi kumfuata mtoto wa miaka 8 hadi amalize balehe, mmeelewa. Nilikuwa na habari ya vijana wenyewe kushiriki: someni kazi ya Shamiri ya Kenya, wanafunzi 413 wa sekondari, vikao vinne vinavyoongozwa na vijana waliotoka shule juzi tu, matokeo yake 2021. Umiliki wa takwimu tutauongelea kwenye maswali.

Lakini wakuu wa idara, hili msiondoke nalo nusu. Andiko litakalokuja limeshajazwa bajeti, nanyi mkaombwa saini kabla ya ofisi za chuo kinachoongoza, kule Boston, kufungwa jioni, msisaini siku hiyo. Ongezeni mstari wa gari la dharura na mstari wa hospitali ya wilaya, mrudishe. Wakiukata, waombeni waandike kwa barua kwa nini wameukata, na nakala ya barua hiyo ipelekeni kwenye kamati ya maadili iliyotoa kibali.