Kunukuu mahubiri ya zamani kwenye Wikamusi: nani anasema, na alisema lini?

Habari za saa hizi, ndugu watazamaji. Wa Tabora, mwangaluka. Wa Kigoma, karibuni nanyi, maana kazi ya leo inawahusu vilevile. Hapa mezani nina kijitabu cha mahubiri kilichokwisha gamba, simu, karatasi moja nyeusi na kompyuta. Tukimaliza, sentensi moja kutoka humu itakuwa imekaa Wikamusi chini ya neno lake, na mtu yeyote atakayetaka kuhakiki ataweza kutufuata hadi kwenye ukurasa wenyewe.

Kwa mgeni: Wikamusi ni kamusi huria ya mtandaoni, ndugu yake Wikipedia. Ile ya Kiingereza ilianza Desemba 2002, za lugha nyingine zikafuata, na kila mtu anaruhusiwa kuhariri. Ukizungukazunguka humo utaona maneno mengi ya Kiswahili yamepewa maana, basi. Hakuna sentensi ya kuonyesha kwamba kuna mtu aliwahi kulitumia neno hilo akikusudia maana hiyo. Pengo hilo ndilo tunaloliziba.

Mbona mahubiri, si magazeti? Magazeti nayo yatumie, hakuna aliyekukataza. Ila mhubiri wa zamani alisimama mbele ya watu waliotoka kupalilia mahindi na kurina asali, akataka wamwelewe palepale. Kwa hiyo humu unakuta vihenge, yaani maghala ya kienyeji ya nafaka, madeni, mahari, ugomvi wa mipaka ya mashamba, mambo ambayo barua za serikali ziliyapita kwa mbali. Na huku kwetu tuna bahati. Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, wamisionari Wakatoliki walikuwa na kiwanda chao cha uchapaji, Tanganyika Mission Press. Ukiona herufi T.M.P. chini ya ukurasa wa jina, ndio hao. Wamoraviani nao wako Urambo tangu 1898, walipopokea kituo kutoka kwa misheni ya London. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa hiyo usishangae kukuta kijitabu cha Tabora kwenye sanduku la bibi yako kule Kigoma mjini.

Haya, tuanze. Kwanza kukipata. Vitabu hivi haviuzwi tena madukani. Viko kwa makatekista wastaafu, kwa wazee wa kanisa, kwenye kabati la parokia ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja tu. Nenda na adabu zako: “Shikamoo mzee, nimekuja kuomba kusoma, sichukui.” Ukianza na habari ya kukipeleka mtandaoni, mzee wa watu anaweza kudhani unakwenda kukifanyia biashara. Mweleze kwamba shida yako ni sentensi moja na taarifa za kitabu, kisha piga picha palepale barazani kwake, kitabu kisiondoke.

Picha ziwe tatu: ukurasa wa jina, mgongo wa ukurasa huo, na ukurasa wenye sentensi yako. Ya tatu hakikisha namba ya ukurasa inaonekana. Karatasi za vijitabu hivi ni nyembamba, na wino wa upande wa pili hujitokeza ukavuruga maandishi. Ndiyo kazi ya karatasi nyeusi. Iingize nyuma ya ukurasa unaoupiga, hivi, na mara ile vivuli vya upande wa pili vinapotea. Kaa karibu na dirisha, zima taa ya simu, na usikibonyeze kitabu ili kilale bapa. Zile pini za chuma zilizokishika zimeshika kutu, ukilazimisha zinakata karatasi.

Sasa geuza ukurasa wa jina, tuangalie nyuma yake. Sogeza macho. Vitabu vingi vya Kikatoliki vina neno la Kilatini hapa, Imprimatur, maana yake kichapishwe. Linafuatwa na jina la askofu aliyetoa ruhusa, mahali alipoitoa, na tarehe. Kama mbele hapakuandikwa mwaka, na mara nyingi hapakuandikwa, hapa ndipo pa kushika. Lakini shika kwa uangalifu: hiyo ni tarehe ya ruhusa. Kitabu kikichapwa mara ya pili baada ya miaka mingi, ruhusa ya zamani inaweza kubaki palepale. Tafuta pia maneno kama “chapa ya pili” au “toleo jipya”. Usipopata mwaka wowote, andika “bila mwaka”, na tarehe ya ruhusa iweke pembeni kama ilivyo. Usikisie. Mwaka wa kubuni kwenye kamusi ni mbaya kuliko kukosa mwaka, kwa sababu mwingine ataubeba na kuupeleka kwingine.

Tumefika penye kazi yenyewe, na hapa sitakimbia. Ukurasa wa mahubiri una sauti nyingi. Kuna mhubiri. Kuna Biblia, ambayo mhubiri anaisoma kila baada ya aya mbili. Huenda kuna mfasiri, kwa kuwa wamisionari wengi waliandika kwa lugha zao, Mswahili akageuza. Na kuna mhariri aliyenyoosha maneno kabla ya kupeleka kiwandani. Ukinukuu bila kujua ni sauti ya nani, umempa mtu maneno yasiyo yake.

Tufanye zoezi. Neno letu ni kihenge. Nitatumia sentensi niliyoitunga mwenyewe kwa ajili ya video hii, msije mkaitafuta kitabuni: “Mwenye kihenge kilichojaa asimcheke jirani anayeokota masazo shambani.” Tuseme iko katikati ya hubiri kuhusu yule tajiri mpumbavu wa Luka sura ya 12. Swali la kwanza: ni maneno ya mhubiri au ya Injili? Fungua Biblia usome sura hiyo. Katika Biblia ya Union Version, ile ya 1952, tajiri anasema atavunja ghala zake ajenge nyingine kubwa zaidi. Ghala, si kihenge. Basi kihenge ni cha mhubiri. Ameliacha neno la Biblia akachukua la kijijini ili watu waone kitu wanachokijua. Sentensi ya namna hiyo ndiyo dhahabu yetu. Ingekuwa imetoka kwenye Injili moja kwa moja, nisingeinukuu kwa jina la mhubiri. Ningekwenda kunukuu tafsiri ya Biblia yenyewe, na mwaka wake.

Angalizo moja: alama za kunukuu usiziamini sana. Wachapaji wa zamani walizisahau, au waliweka mlazo, yaani herufi za kulala, mahali na kuuacha mahali pengine. Mhubiri naye akinukuu kwa kichwa hubadilisha neno moja hapa, moja pale. Kwa hiyo hata pasipo alama, kama sentensi inanukia Maandiko, ilinganishe kwanza.

Swali la pili: lini? Hubiri lina tarehe mbili, ya siku lilipotamkwa na ya siku lilipochapishwa. Nitoe mfano wa Uingereza, maana huko mahubiri yalichapishwa kwa wingi na kamusi zao zimeyatumia sana. John Donne, mkuu wa kanisa la St Paul's pale London, alifariki 1631. Juzuu kubwa la mahubiri yake 80 lilitoka 1640, likisimamiwa na mwanawe. Sasa neno ulilolikuta humo ni la mwaka gani? Ukiandika 1640 peke yake, unamfanya marehemu ahubiri. Ukiandika tarehe ya kuhubiri peke yake, unasahau kwamba unachokishika ni maandishi yaliyopita mikononi mwa mwana na mchapaji. Mimi ninaweka yote mawili: mwaka wa chapa niliyoishika, halafu “lilihubiriwa” na tarehe yake, ikiwa kitabu chenyewe kinaitaja. Wapo wanaoanza na tarehe ya kuhubiri, sina ugomvi nao, mradi msomaji aone zote mbili.

Na hili la kushika chapa lina uzito. Kama unacho kitabu kilichochapwa upya miaka ya karibuni, taja hicho, usijifanye umeiona chapa ya kwanza. Toleo jipya mara nyingi limesahihishwa tahajia. Hapo linaingia suala la herufi: andika kama ilivyochapwa. Askofu Edward Steere wa Unguja na waliomfuata waliandika “thambi” na “fetha” pale tunapoandika dhambi na fedha, kwa kuwa tahajia sanifu ilikuja kusimamiwa baadaye na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930. Ukisahihisha unafuta ushahidi. Wale mtakaonukuu Kiingereza cha karne ya 17 mtakutana na ile s ndefu inayofanana na f. Programu za kusoma picha huigeuza f kila mara, kwa hiyo maandishi ya kompyuta yasomeni mkiwa na picha pembeni.

Swali la mwisho kabla ya kuandika: je, mhubiri amelitumia neno, au amelieleza? Akisema “kihenge ni chombo cha kuhifadhia nafaka”, hayo ni maelezo, kamusi inayo tayari. Tunataka sentensi ambamo neno liko kazini. Mahubiri yana mtego huu sana, kwani wahubiri hupenda kufafanua.

Sasa kwenye kompyuta. Ingia kwenye akaunti yako, fungua ukurasa wa neno kihenge, bonyeza hariri. Ukiukosa ukurasa, uanzishe kwanza. Maana ya neno inaanza na alama ya reli, hii #. Shuka mstari mmoja, weka reli na nyota bila nafasi kati yake. Hapo ndipo penye taarifa za kitabu. Mstari unaofuata ni reli, nyota na nukta mbili. Hapo ndipo inapokaa sentensi. Itaonekana hivi:

# ghala la kienyeji la kuhifadhia nafaka
#* '''Mwaka wa chapa''' (lilihubiriwa tarehe fulani), Jina la Mhubiri, “Kichwa cha Hubiri”, katika ''Jina la Kitabu'', Tabora: T.M.P., uk. namba:
#*: Mwenye '''kihenge''' kilichojaa asimcheke jirani anayeokota masazo shambani.

Hizo ritifaa, yaani alama hii ', tatu huku na tatu huku ndizo zinazokoza neno, mbili mbili ni za mlazo. Kama kuna mfasiri, jina lake liingie baada ya jina la mhubiri. Kurasa zisipokuwa na namba, taja hubiri la ngapi na aya ya ngapi. Wikamusi ya Kiingereza ina kiolezo maalumu cha nukuu za vitabu chenye visanduku vya kujaza, na neno la Kiswahili ukiliweka kule utaongeza tafsiri ya sentensi. Taarifa ni zilezile.

Urefu: sentensi moja, mbili zikizidi sana. Kwanza msomaji wa kamusi hana muda. Pili kuna hakimiliki. Hapa Tanzania hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na wahubiri wengi wa vijitabu hivi hawajafikisha. Sentensi fupi yenye kutaja chanzo haina tatizo. Kupandisha kijitabu kizima ni jambo jingine, usiliguse.

Mtaniuliza, nikipata kihenge mara nne katika kitabu kilekile, niweke zote nne? Hapana. Mtu mmoja ni shahidi mmoja hata akirudia. Wikamusi ya Kiingereza, kwa lugha zenye maandishi mengi mtandaoni, inataka matumizi matatu yanayojitegemea, yaliyotawanyika katika muda usiopungua mwaka mmoja. Hata pasipo sharti hilo, nukuu moja ya Mkatoliki wa Kipalapala na moja ya Mmoraviani wa Urambo zina nguvu kuliko tano za padri yuleyule. Na mahubiri ya sauti yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp yaacheni. Kesho yamefutwa, nani atayahakiki?

Bonyeza hakikisho, soma tena ukiwa na picha mkononi, herufi kwa herufi. Kwenye kisanduku cha muhtasari andika “nukuu kutoka kitabu cha mahubiri, nimekiona chenyewe”. Halafu hifadhi. Mhariri mwingine akitilia shaka atakuandikia kwenye ukurasa wa majadiliano. Mjibu kwa kumpa maneno ya ukurasa wa jina kama yalivyo, na umwambie kitabu kiko parokia au maktaba gani. Jina la mzee aliyekuazima usilitaje, kama hajakuruhusu.