Kabla hujachangia shirika la miti: karatasi za kuomba

LWITIKO: Karibuni. Leo tunapima shirika dogo la mazingira. Tuchukue mfano: wafanyakazi watano, ofisi Iringa mjini, kitalu Kilolo, mapato shilingi milioni 80 kwa mwaka. Anayetaka kulichangia aanzie wapi, Atu?

ATU: Kwenye mihtasari ya vikao vya bodi. Ripoti yenye picha za watoto wameshika miche aiweke kando kwanza. Soma katiba yao ujue bodi ikutane mara ngapi na akidi ni wangapi, kisha omba mihtasari ya miaka miwili. Ukikuta yote ina maneno yale yale, na saini zote za kalamu moja, imeandikwa juzi kwa ajili yako.

LWITIKO: Na ndani yake?

ATU: Tafuta mjumbe aliyehoji fedha, akajibiwa, na kikao kilichofuata kikafuatilia. Tazama undugu pia. Mkurugenzi akinunua miche kwa kaka yake, muhtasari uonyeshe alitangaza maslahi yake na akatoka nje wakati wa kuamua.

LWITIKO: Upande wa sheria?

ATU: Kwa Tanzania, cheti cha usajili chini ya sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002, taarifa za mwaka kwa Msajili wa mashirika hayo, na mkaguzi aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi. Omba pia barua ya mkaguzi kwa uongozi, maana hati ya ukaguzi inaweza kuwa safi huku barua imejaa kasoro. Usisahau michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: ni asilimia 20 ya mshahara, na malimbikizo yake yasipoandikwa kwenye hesabu, shirika lina deni lililofichwa.

LWITIKO: Watu watano hawatoshi kugawana kazi zote za fedha. Anayelipa ndiye anayeandika daftari.

ATU: Ndiyo maana mhazini wa bodi apitie usuluhisho wa benki, yaani ulinganisho wa daftari na taarifa ya benki, kila mwezi na kusaini. Hilo halina gharama, na likikosekana mimi nasita kabisa. Baada ya hapo ingia kwenye masurufu, fedha anazopewa mtu kabla ya safari au kazi, hapo ndipo fedha huvuja. Afisa amechukua 1,200,000 kwenda Makete siku nne. Hajarejesha hesabu, akachukua nyingine. Fungua karatasi za posho: majina thelathini, saini za mkono mmoja. Risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kodi, ina namba ya kuhakiki, iingize kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, uone kama kiasi ni kile kile.

LWITIKO: Mimi napenda kulinganisha hesabu na shamba. Wameandika miche 20,000 kwenye hekta tano. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta inachukua miche 1,111, kwa hiyo hekta tano ni kama 5,555. Iliyobaki iko wapi?

ATU: Huenda waligawa kwa wanakijiji. Basi orodha ya waliopokea iwepo, na idadi ya iliyopona baada ya kiangazi.

LWITIKO: Na tarehe! Mvua zetu ni Novemba hadi Aprili. Viriba vya kuoteshea miche na udongo vinunuliwe miezi kadhaa kabla, sawa. Lakini vibarua wa kupanda miti wakilipwa Agosti, waulize maji yalitoka wapi.

ATU: Waulize pia wamepanda nini. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Shirika linalojiita mlinzi wa vyanzo likipanda mikaratusi inayonyonya maji pale badala ya mivengi, miti ya asili inayofaa kwenye vyanzo, bodi hailijui lengo lake, hata kama risiti zimekamilika.

LWITIKO: Wengi huuliza kwanza asilimia ya gharama za ofisi.

ATU: Kwangu hilo si la kwanza. Shirika lisilomlipa mhasibu litaonyesha asilimia ndogo sana, na vitabu vyake havisomeki. Kwenye hesabu, la kwanza ni fedha zenye masharti, yaani zilizotolewa na mfadhili kwa kazi fulani tu. Chukua salio la benki, tuseme milioni 18. Omba jedwali la kila mfadhili: ametoa kiasi gani, kimetumika kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Jumla ya kilichobaki ikiwa milioni 25, milioni saba za wafadhili zimeshalipa kitu kingine, mara nyingi mishahara.

LWITIKO: Na wakikosa jedwali hilo?

ATU: Wape wiki mbili walitengeneze kutoka kwenye daftari. Wakishindwa, usitume fedha bado.